Kiguu na Njia na Gari Lililokataa Kutulia

Ndugu, jamaa, wateja na mafundi wenzake marehemu, asanteni kwa kuja. Waliopata viti wakae. Mimi ndiye mdogo wake, niliyeachiwa ziwa lake, na familia imenituma nisome maneno yaliyochapwa kwenye karatasi mlizoshika. Nimeonywa nisiongeze chumvi. Nitajitahidi, ila mnanijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya uani nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuza maziwa. Mama alikuwa akisema mkunga hakuwahi hata kuvua koti. Alianza kutembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na mama, akiwa na kazi zake, akawa anamfunga kitambaa kiunoni na ncha ya pili kwenye mguu wa meza. Siku moja mama alitoka kidogo, aliporudi akakuta meza imefika mlangoni. Tangu hapo jina alilopewa na baba likasahaulika, majirani wakamwita Kiguu na Njia, na hata leo wapo humu ambao hawajui jina lake lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Kukaa kwenye dawati kulimshinda kabisa. Alisimama, akafungua dirisha, akalifunga, akaomba ruhusa, akarudi, akaomba tena. Mwalimu mkuu, mtu mwenye akili, badala ya kumchapa akamkabidhi kengele. Basi kaka yangu akawa na sababu ya kutoka darasani kila kipindi, na shule ikapata mpiga kengele ambaye hakuchelewa hata mara moja. Kuwahi ndiyo aliwahi, hasa kipindi cha imla, ambacho hakikuwahi kufika mwisho wake halali mpaka alipomaliza darasa la saba. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha ufundi wa magari mwaka 1976.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana ya idara ya barabara, akishughulikia magari makubwa ya kupanda vilimani na kuingia porini, yale yanayorudi yamepinda kila kinachoweza kupindika. Huko ndiko alikopendea kazi ya mbele: usukani, springi, beringi na vijiti vinavyoungana na magurudumu. Mwaka 1989 alifungua karakana yake mwenyewe, chini ya paa la bati ubavuni mwa ghala la saruji. Vumbi la saruji lilituama kwenye nguo, kope na chai, na mpaka leo ukikung'uta mkeka wa ile karakana utapiga chafya.

Nieleze alivyofanya kazi, maana hapo ndipo ulipo wasifu wake wote. Gari likija linatetemeka usukani, alilala chini yake mgongoni, mteja akakaa juu akizungusha usukani. "Kulia. Kushoto. Kulia tena, polepole, huendi harusini." Yeye huku chini alikuwa anapitisha vidole kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, mpaka akishike kile kinachocheza. Wateja walikuwa na haraka. Walijua kwamba kuna shokapu ndogo inayofungwa kwenye usukani, na ukiweka mpya gari linaacha kutetemeka siku hiyohiyo. "Fundi, niwekee shokapu niondoke!" Hapo ndipo alipokuwa akitoka chini ya gari, uso mzima grisi, na kupandisha sauti. "Shokapu inanyamazisha, haiponyeshi! Kiungo kilichokufa kitabaki kimekufa, na siku kikikukatikia utakuwa unakuja kunishtaki kutoka kaburini?" Hakumfungia mtu shokapu mpya kabla ya kujua kinachocheza ni nini. Wengine walikasirika wakaenda kwingine, na wengi wao walirudi.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani. Alimpata kwa sababu ya ovaroli. Alizipeleka ziwekwe viraka magotini, akaambiwa asubiri, na kusubiri ndiko hasa alikokuwa hajui. Akazunguka chumba, akashika vitambaa, akafungua mkasi akaufunga. Wifi akasimamisha cherehani. "Wewe baba, kaa au toka. Unanikatia uzi." Akakaa. Aliniambia jioni ile kwamba ni mtu wa kwanza kumkalisha tangu azaliwe, na kwamba atamwoa huyo huyo. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana.

Sasa nafika kwenye gari. Karatasi yenu imeandika "marehemu alipenda sana magari." Huo ni utani. Marehemu aliteswa na gari moja.

Mwaka 1994 idara ya barabara iliuza magari yake makuukuu, naye akanunua moja la porini, kijani limepauka, lenye springi ngumu kama benchi la kituo cha polisi. Tukaliita Mkaidi. Lilikuwa linatetemeka mbele. Na mnajua ya mafundi: nguo ya mshonaji imechanika kwapani, na gari la fundi ndilo la mwisho kwenye foleni. Ikatokea safari ya kwenda kwa mama mkwe, yeye tayari ana pupa, wifi amekwisha funga mizigo, na binti ana viatu vipya. Kaka yangu akafanya kile alichowakatalia watu wote. Akafunga shokapu mpya kwenye usukani, gari likatulia, wakaondoka.

Walipokuwa wakiteremka barabara ya machimbo ya kokoto, gurudumu la kushoto likaingia shimoni. Mkaidi lilianza kutikisika, usukani ukamponyoka mikononi na kumtegua kidole gumba, na gari likaacha barabara likaenda kujichomeka kwenye lundo la kokoto. Shukrani kwa lile lundo, maana baada yake palikuwa na bonde. Binti alipasuka mdomo. Wifi alishuka, akamfuta mtoto damu, akatazama chini ya gari na kuiona ile shokapu mpya inang'aa.

"Umeweka hii?"

Akakiri.

"Ulijua kinachotetemeka?"

Akajishika kidole gumba. Wifi akambeba mtoto, akashika njia kwa miguu. Kabla hajaondoka alisema, na nimelisikia kwa wote wawili bila kupishana neno: "Siku utakapojua kinachotetemeka, ndiyo siku nitakayopanda tena."

Jamani, watu walidhani ni hasira za siku mbili. Zilikuwa hasira za maisha! Na hazikuwa hata hasira, maana nyumbani walikaa vizuri, walicheka, mvulana alizaliwa baada ya hapo. Ila gari, hapana. Kwenye harusi, misiba na mahafali ya watoto, wifi alipanda basi na kaka akafuata nyuma na Mkaidi, tupu, kiti cha pembeni kimefutwa vumbi. Walifika pamoja, wakashuka kila mmoja kwake, wakaingia wameshikana mikono. Mimi nilikuwa nachoka nao.

Na kaka akaanza kutafuta. Alibadilisha bushi za springi. Alibadilisha beringi, vijiti vya usukani na sanduku la usukani lenyewe. Mkaidi lilitulia miezi kadhaa, naye akaenda dukani kwa wifi na funguo mkononi, meno yote nje. "Njoo, limeacha." Wifi aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono: "Ilikuwa nini?" "Limeacha tu." "Limeacha tu si jibu. Ungempa nani jibu hilo?" Akageuka, akarudi chini ya gari. Na kweli, baada ya muda lilianza tena. Gari la mtu baki angeligundua ugonjwa chai haijapoa, la kwake likamshinda. Nilimwambia aliuze. Nilimwambia amdanganye mkewe, aseme ni beringi, nani atajua? Aliniangalia kama nimemtukania mama.

Ugonjwa ulianza mwaka 2021. Mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, akasema ni spana. Kifua kilibana, akasema ni vumbi la saruji. Na hapa naomba mniwie radhi, maana nina hasira na nitazisema. Yule mtu aliyefukuza wateja kwa sababu ya shokapu alikuwa anameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, kifua kikinyamaza anarudi kazini. Kifua chake mwenyewe! Wifi alivikuta vile vidonge kwenye mfuko wa ovaroli. Alifunga duka, akamvalisha shati safi, akampeleka hospitali kwa basi. Daktari akasema moyo umechoka siku nyingi na ugonjwa umefika mbali.

Alilazwa mara tatu. Wodini hakulala hata kidogo. Alitembea na dripu yake kwenye kile chuma chenye magurudumu, akamlalamikia nesi kwamba gurudumu la nyuma limelegea, na nesi alipogeuka akalikaza kwa kijiko. Kwa simu alimwongoza binti yake, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, kulifungua Mkaidi lote upande wa mbele. "Weka kidole hapo. Mwambie mwenzako azungushe. Inacheza?" "Haichezi, baba." "Nenda inayofuata." Siku ya mwisho nilikuwepo. Wifi alikuwa anamkanda miguu, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Mama watoto, bado sijajua." Wifi akamjibu, "Najua hujajua. Lala." Hakulala. Aliaga dunia tarehe 11 Juni 2023, alasiri, akiwa amekaa, amevaa kiatu kimoja na cha pili kiko mkononi. Alitaka kwenda wapi, sijui.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja ambaye ndiye mimi, na mafundi aliowafundisha ambao leo wamevaa mashati lakini kucha zinawasaliti. Karatasi yenu inaishia hapo. Lililobaki halikuwahi kuchapwa, kwa sababu limetokea asubuhi hii.

Binti na mafundi walikuwa wamelirudishia Mkaidi viungo vyote vya mbele, vipya vitupu, wakasema baba atabebwa na gari lake. Mimi nilipinga. Niliwaambia, "Mnataka tuchimbe makaburi mangapi?" Hawakunisikiliza, wakaweka jeneza nyuma, nikapanda nalo kwa sababu nisingemwacha peke yake. Basi dogo la wanafamilia lilikuwa limeegeshwa pembeni, na mlango wa mbele umefunguliwa kwa ajili ya mjane. Wifi alitoka ndani na gauni jeusi alilolishona mwenyewe. Akalipita basi. Akaja mpaka kwenye dirisha la binti yake, aliyeshika usukani wa Mkaidi.

"Mmejua?"

Nilimwombea yule mtoto aseme uongo. Uongo mmoja tu mdogo, siku ya kumzika baba yake, nani angemlaumu? Akasema, "Hapana, mama. Tumebadilisha kila kitu, lakini hatujajua."

Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Wifi akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akakunja gauni, akapanda, akaufunga. Mafundi wote walitazama chini.

Hawakutaka kukimbia, tulikuja mwendo wa kutembea. Na tulipovuka reli, Mkaidi lilianza. Mliokuwa nyuma yetu mliona. Mimi nililikumbatia jeneza kwa mikono yote miwili nikipiga kelele ambazo hazifai kurudiwa hapa. Binti akakanyaga breki: "Mama, nisimame ushuke?"

Nilimsikia wifi kupitia kidirisha cha nyuma. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nenda, mwanangu. Nilikuwa namngoja yeye ajue. Mimi nimeshachoka kupanda gari tofauti na mume wangu."

Akaweka mkono wake juu ya usukani, pembeni ya mkono wa binti, na hivyo ndivyo tulivyofika, gari linatetemeka, na hakuna aliyeshuka.

Kaka, lala sasa. Kama huwezi kulala, basi kaa.