Bi Tanzia, Msomaji wa Vifo wa Redio ya Ghorofani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mama tunayemlaza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Tanzia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika nyumba ya mkunga, mama yake akiwa amezidiwa na uchungu njiani kuelekea hospitali, akawa mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili akiwa mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyesimama hapa kuwasomea.

Alianza shule mwaka 1952, akaikatiza mwaka 1961 baba yao alipofariki, akajifunza kupiga chapa na kufanya kazi za vibarua ili mdogo wake aendelee kusoma, naye akasoma mpaka akahitimu ufundi wa mitambo.

Mwezi Mei 1969 aliajiriwa kama mpiga chapa katika redio ndogo ya AM iliyofunguliwa mwaka huohuo, vyumba viwili juu ya duka la baiskeli, kuta zimebandikwa trei za mayai ili nyundo za mafundi wa chini zisisikike hewani, na mtambo wa kurushia matangazo na mnara wake vikiwa bondeni nje ya mji. Tarehe 3 Agosti 1971 msomaji wa matangazo ya vifo alikaukiwa sauti, mpiga chapa akasukumwa kwenye kiti, akasoma majina kumi na moja bila kukwama, na tangu siku hiyo, kila saa kumi jioni, watoto walinyamazishwa majumbani, na watu wa mbali wakajua nani kafa na anazikwa wapi. Mwaka 1975 alimwombea mdogo wake kazi hapohapo, akawa fundi wa mtambo.

Tarehe 20 Desemba 1973 alikuwa ameolewa na fundi seremala, mtu wa mzaha, aliyependa kusema ameoa mwanamke anayeliza mkoa mzima na bado anarudi nyumbani akicheka, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ndiye aliyeandika historia hii.

Mwaka 1996 redio ilipata mkurugenzi mpya, akafungua FM ya muziki, na tarehe 1 Juni 1997 akaamuru mtambo wa AM uzimwe, na aliyeuzima kwa mkono wake ni mdogo wa marehemu. Mkurugenzi alimwambia, "Dada yako usimwambie, amebakiza miaka miwili astaafu, mwache ajisomee," naye hakumwambia. Taa nyekundu ya studio iliachwa iwake, karani wa mapokezi akaendelea kupokea matangazo ya wafiwa, na watangazaji vijana wa FM wakawa wanajipanga nyuma ya kioo kumtazama, wakijifuta machozi ya uongo, naye akidhani wamekuja kujifunza kazi, akawa anasoma polepole zaidi ili wamfuate vizuri. Mumewe, aliyekuwa amelala kitandani kwa ugonjwa wa figo, aliona redio imekuwa bubu, lakini kila jioni alimpokea kwa kusema, "Leo umesoma vizuri, mke wangu."

Mumewe alifariki tarehe 9 Septemba 1997, na mama akasema tangazo hilo hatalisoma mtu mwingine. Alilisoma mara tatu, mdogo wake akiwa amesimama mlangoni mwa studio. Mazishi yalisogezwa siku nzima kuwangoja wakwe, viti mia mbili vikaazimwa, wakaja watu ishirini na watatu.

Siku ya sita shemeji yake alifika akiwa amevimba kwa hasira, akamwambia, "Shemeji, mmemfukia kaka yetu kimyakimya, tumewakosea nini?"

"Kwani hamkusikia redioni?"

"Redio ipi? Ile si ilikufa tangu mwezi wa sita?"

Alitembea mpaka bondeni, akaweka kiganja juu ya mtambo, akakuta ni wa baridi, akamuuliza mdogo wake, "Nilipomsoma mume wangu, ulijua?" Akajibu, "Nilijua, dada." Hawakusemezana tena mpaka kifo.

Aliacha kazi, akalibeba daftari la matangazo, majina mia mbili na sita aliyoyasoma tangu mtambo uzimwe, na hadi Februari 1998 alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu ni ndugu yao yupi aliyezikwa bila wao, wengine wakamkaribisha maji, wengine wakamfungia mlango, na bibi mmoja akamtemea mate usoni, naye akajifuta, akasoma jina linalofuata.

Tarehe 11 Januari 2016 alipata kiharusi, kikamnyang'anya usemi. Mdogo wake alikwenda wodini, akapiga magoti, akaomba msamaha, mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Mei 2016, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliomgeuza usiku na mchana asipate vidonda, majirani waliopiga hodi kila mlango kueneza habari za msiba huu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao wametuma shada kubwa na hakuna hata mmoja aliyefika. Mjomba, tulikuomba usome bila kuruka mstari, nawe umesoma, sasa waweza kuketi.

Mama, umechoka vya kutosha, pumzika.