Jina la Baba Kwenye Duara la Viti

Ndugu zangu, mimi nilianza kuondoka mapema. Asubuhi moja kwetu Simanjiro nilipeleka ng'ombe karibu na barabara, nikakuta lori la mahindi limesimama, dereva anabadilisha gurudumu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Arusha. Nikampa fimbo kaka yangu tuliyekuwa naye, nikapanda. Sikuwa na mpango wala nguo ya kubadili. Shule nilishaiacha tangu darasa la tano, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu.

Arusha nilikaa wiki. Nikafika Zanzibar, nikalinda hoteli. Pale nikampata mke, Mwingereza, mtu mwema, simlaumu kwa lolote. Alinileta nchi hii, na mwaka wa pili tukaachana kwa sababu sikuweza kutulia nyumba moja. Birmingham nilikuja kwa treni ambayo sikujua inakwenda wapi hadi tulipofika. Nikapata kazi Nechells, kulinda ghala. Ndiyo, chekeni. Mmasai amevuka bahari kuja kulinda.

Sasa hili la pombe. Kwetu pombe ya asali ni ya wazee, inanywewa kwenye sherehe, watu wakiwa pamoja. Morani hanywi. Mimi nilinunua makopo, nikanywa nimesimama nyuma ya ghala, peke yangu. Mtu wa rika langu, wale tuliotahiriwa pamoja, angenikuta angeninyang'anya na kunitukana, nami ningenyamaza. Lakini rika langu lote liko Simanjiro. Huku hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye haki ya kunikemea, na mimi, ndugu zangu, jambo hilo nikaliita uhuru.

Mikono ikaanza kutetemeka asubuhi hadi ninywe. Daktari akanipima, akaniambia bila kuzunguka kwamba ini limechoka, na nikiendelea hivi litanizika. Akaniandikia kwenda kliniki ya watu wa pombe. Nawaambia ukweli, dawa zao zilinisaidia. Mikono ilitulia. Na dada aliyetuongoza alikuwa mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Tulikaa kwenye duara la viti. Siku moja akasema kila mtu ataje jina la mpendwa aliyefariki, amwambie neno la kuagana. Baba yangu alikufa mimi nikiwa huku, sikumzika. Zamu yangu ikafika nikasema wanipite. Dada akasema taratibu kwamba nikizidi kujificha itakuwa vigumu kuendelea na mimi, na vikao viwili nilishakosa. Nikaogopa kufutwa kwenye orodha yao. Nikaona nikifutwa nimekwisha. Basi nikalitaja jina la baba yangu, lote, kwa sauti. Watu wakapiga makofi. Dada akaniambia leo nimefungua mlango mkubwa.

Kwa wasiojua: kwetu jina la marehemu halitajwi. Linapumzishwa pamoja naye. Hata aliye hai mwenye jina lile anaweza kubadilishiwa. Kulitaja ni kama kumwita. Na mimi nilimwita baba yangu aje kwenye chumba cha watu asiowajua, anione nilivyo.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dukani. Sikurudi kliniki. Walipiga simu, sikupokea. Kazi nikaipoteza. Mchana kutwa nilitembea, Nechells mpaka Washwood Heath, nikageuka, nikaenda tena. Nikikaa tu namsikia baba amekaa karibu.

Siku moja nilisimama kwenye uzio wa pale wanapojenga karakana ya treni. Hata nikiwa nimelewa napenda kutazama mashine. Kando yangu alikuwa mzee Kalasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, naye anatazama winchi. Akageuka, akayaona masikio yangu haya yaliyotobolewa.

"Sopa, Ero," akasema. Ndivyo mzee anavyomsalimu kijana kwetu.

Nikaitika kabla sijajua kwamba naitika. Kumbe amezaliwa Narok, baba yake alikuwa na duka la sukari na mashuka, amekua na Wamasai. Yuko hapa leo, mstari wa mbele, anajifanya kusinzia.

"Unanuka, Ero," akaniambia. "Nani mkubwa wako hapa?"

Nikasema sina. Akauliza mbona siko kliniki, maana yeye hujitolea kule kutafsiri na aliwahi kusikia kuna Mmasai aliyepotea. Nikamweleza habari ya jina. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Watu wengine wangeniambia ni mila tu, nisahau. Yeye aliuliza kitu kimoja: nani anaweza kulitengeneza? Nikasema wazee wa rika la baba. Akauliza kama nina namba ya mmoja wao.

Nilikuwa nayo. Sikuipiga miaka mitatu, kwa aibu. Akasimama hapo hapo kwenye mvua mpaka nikapiga, simu ya picha. Mzee wa kwetu, wa rika la baba, akapokea akiwa mnadani, mbuzi wanalia, kamba mkononi. Nikamwambia yote. Pombe, kliniki, jina. Nilingoja anilaani.

"Siku hiyo uliyolitaja," akauliza, "ulikuwa umelewa?"

"Hapana, baba. Siku hiyo nilikuwa mzima."

Mtu akamuuliza bei ya mbuzi, akamfukuza kwa mkono.

"Basi baba yako alikukuta mzima," akasema. "Ungemwita siku nyingine, hapo ningekasirika."

Akaniambia niinamishe kichwa mbele ya simu. Nikainama. Akaniombea, akatema mate ya baraka juu ya kioo, simu ikakatika. Akapiga tena akilalamika kwamba mate yamebonyeza kitu. Mimi nalia, Kalasinga anacheka, wapita njia wanatushangaa.

Kisha akataka kumwona huyo mwenye kilemba. Wakasalimiana, wakaulizana ng'ombe, Kalasinga akasema hana hata mmoja, wakasikitika pamoja. Mzee akamtazama zile ndevu, akaniambia: "Huyu ni rika letu. Akikukemea yeye, tumekukemea sisi. Unanyamaza."

Simu haijapoa, Kalasinga akanyoosha mkono. "Lete hilo kopo lililo mfukoni."

Nikampa. Akalimwaga kwenye majani. Ndugu zangu, tangu nishuke kwenye lile lori hakuna aliyechukua kitu mkononi mwangu nikakubali.

Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja. Dada yule alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akauliza ni mambo gani mengine asiwaulize watu kama mimi. Namshukuru kwa swali hilo kuliko kwa dawa. Nikaanza dawa upya, na kwenye duara nikawa nasema "aliyenizaa", hakuna aliyeniuliza jina. Kila Jumamosi wazee wa mnadani wananipigia kunikagua uso, na wakiona nimevimba macho wananitukana vizuri.

Ninachowaachia ni hiki. Akija kwenu mtu wa mbali, Mhadzabe, Mmasai, yeyote, msianze kwa kumwuliza anakunywa kiasi gani. Muulizeni kwao nani ana haki ya kumkemea. Mtafuteni huyo, hata kama yuko mnadani.

Kilichobaki kilikuwa pa kulala, maana chumba changu cha Nechells kilijaa makopo na wenzangu wa makopo. Kalasinga alinipeleka Shard End kwa mama mmoja wa Kizanzibari, ambaye ananikonyeza sasa hivi nisimseme. Nitamsema. Alifungua mlango, akanitazama kuanzia kichwani, akamuuliza mzee, "Ndiye huyu?" Kisha akaniambia: "Mwanangu, humu ndani hatuli kila mtu na sahani yake chumbani. Ukichelewa tunakungoja, na mimi njaa inanitia hasira."

Hakujua kwamba morani hali peke yake. Nilikuwa nimekula peke yangu miaka minane.

Nikamwuliza nivue viatu wapi. Akanionyesha, akasogeza sinia, wapangaji wenzangu wawili wakajibana kunipa nafasi. Miguu iliniwasha kutaka kuondoka, hata leo inaniwasha, siwadanganyi. Nikanawa mikono, nikakaa.