Nyumba Sitini na Tatu za Bi Dorotea

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi yetu ya takwimu, Bi Dorotea Chenge anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Alianza akiwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa karani mkuu, penseli ingali sikioni. Kalamu ya wino haiamini mpaka leo. Anasema mwenye wino hapendi kusahihishwa.

Ukali wake tunaujua. Ukimpelekea hesabu ya kukisia anakurudishia karatasi kimya kimya, nawe unapanda meli tena kwenda kuhesabu upya. Mimi nimerudishwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mara mbili kwa ajili ya kaya moja.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote alilifanya yeye, na amenikataza kulificha. Mwaka 1994, wanaume wengi walipokuwa wamehamia kambi za kuvua sangara, alikwenda kuhesabu kaya za kitongoji cha Namasenge, Ukerewe. Kila alipobisha hodi, mama alitoka na kumjibu kwa adabu kwamba mwenyewe, yaani mume, hayupo. Naye akaandika: nyumba imefungwa. Nyumba sitini na tatu! Kwenye makaratasi Namasenge ikawa imehamwa, na zahanati yake ikapangiwa kufungwa.

Barua ya kuifunga alipewa yeye aipeleke. Alikuta foleni ya wajawazito imefika barabarani. Aliyekuwa mbele kwenye foleni, Rozina Malimi, alimchangamkia na kumkumbusha viazi alivyomkaribisha siku ile ya kuhesabu. Nyumba ya Rozina ilikuwa mojawapo ya zile alizoandika kuwa zimefungwa.

Bi Dorotea alirudi na barua mkobani. Mkuu wetu wa wakati huo alimwonya: hesabu imeshafika mkoani, watumishi wanapunguzwa kila idara, asijitafutie balaa. Mama huyu akachukua likizo yake, akarudi Namasenge kwa nauli yake, akauliza kila mlango nani kalala humo jana. Alipata watu mia tatu na kumi na wawili, na kati ya watu wazima, wanawake watatu kwa kila mwanamume mmoja. Kisha akaandika kosa lake kwa mkono na kukaa kwenye benchi la ofisi ya mkoa siku mbili mpaka likasomwa.

Zahanati haikufungwa. Rozina alijifungulia pale pale.

Bi Dorotea, tunakushukuru, na kwa kweli tutakukosa. Uwe na afya na mapumziko matamu. Tukija kwako Igogo tutabisha hodi na kuuliza kama mwenyewe yupo, na tutakayemtaka ni wewe.