Kifo Nilichokiigiza Jumanne

Kaeni mahali nitakapoziona nyuso zenu, wewe Achola na wewe Cliff, na hiyo simu iweke mezani, Cliff, maana namjua mtu anayeninasa sauti hata akijifanya anatazama saa. Gazeti la London likiandika maneno yangu ya mwisho, hata kaburini nitajua yalikotoka. Na mnijibu kwa Kiswahili. Kiswidi chenu mnakitumia mkitaka kunificha jambo.

Nilitoka Kisumu mwaka wa sitini na mbili na suti moja. London walinipa kuigiza bawabu jukwaani, miaka saba nafungua milango ya mbao na kusema "Ndiyo, bwana", mpaka nikapewa kuwa mfalme, na baada ya hapo zikaja filamu, nishani, na picha yangu ubavuni mwa mabasi. Watu husema ni kipaji. Nafasi ile ya mfalme ilikuwa ya Eliud, rafiki niliyekula naye sahani moja, na mimi ndiye niliyemnong'oneza mwongozaji kwamba Eliud ni mlevi, ilhali hakuwahi kuonja pombe. Tangu hapo sijamwamini mtu, kwa kuwa najua rafiki anaweza kufanya nini huku anatabasamu. Mama yenu alinileta huku Stockholm kwao, na hata yeye nilimpeleleza, nikifungua barua zake kwa mvuke wa birika, barua za Kiswidi ambacho sikukijua. Naona aibu kulisema hilo.

Ndiyo maana Jumanne nilifanya nilichofanya. Nimekufa jukwaani zaidi ya mara elfu, kuzuia pumzi na kulegeza taya ni kazi yangu, basi nikajilaza nikafa, nisikie mtakavyogombania nyumba hii ya hapa Jordbro, pembeni mwa Stockholm. Hamkugombana. Cliff alipiga magoti akalia mpaka akatapika, nawe Achola ukanifumba macho polepole kwa vidole viwili. Halafu mimi nikacheka. Hujanishika mkono tangu siku hiyo.

Sasa sikilizeni, pumzi hainitoshi. Nyumba ni yenu wote wawili, sawasawa. Nishani yangu mpelekeeni Eliud, yuko hai, yuko Leeds. Mwambieni niliyoyasema hapa bila kunipamba, na akiwafukuza mlangoni, ondokeni kwa adabu. Mnizike kando ya mama yenu. Cliff, dada yako asipolia, usimlaumu.

Mungu awalinde. Awape watoto, na awanyime... awanyime tabia yangu ya kuwapima wanaowapenda. Nawabariki kwa mkono huu, ingawa... hauinuki.

Achola, bado umesimama mlangoni umekunja mikono. Unangoja nicheke. Una haki, mama, nami sina neno la kukufanya uniamini, maneno nimeyatumia vibaya. Basi usisikilize. Njoo... njoo uguse miguu yangu tu. Ni baridi. Hiyo baridi, mwanangu... hiyo sikuwahi kuweza kuiigiza.