Jasho la Marehemu: Kumbukumbu ya Mama Phébé Numbi

Wasikilizaji wapendwa, ninyi wa mjini Kamina, ninyi wa kule base ya jeshi, na ninyi mnaotusikia toka Luena hadi Mulongo, mwenye kazi mkononi aiweke chini kidogo. Kuna mtu tunataka kumtaja kwa jina.

Jina lake ni Phébé Numbi. Alikuwa muuguzi. Mama Phébé wa chumba cha wanaume, wale wenye magonjwa ya ndani na wale waliopasuliwa. Tulimzika juma lililopita, mvua ikinyesha.

Wengi wenu mlimpenda. Wengine, tuseme ukweli, mlimuogopa. Leo tutasimulia yote mawili.

Mama Phébé alizaliwa hapa hapa Kamina, katika nyumba ya Wametodiste. Baba yake alikuwa karani wa reli. Mama yake alifundisha watoto siku ya Jumapili. Phébé alisomea uuguzi, akaolewa na Mwalimu Wenceslas, wakamzaa Mireille na wadogo zake. Na kazi yake ilianzia mikononi. Aliingia asubuhi, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akapita kitanda kwa kitanda. Mwenye pumu alimkalisha wima. Mzee aliyelala muda mrefu alimgeuza ubavu, mgongo usije ukaoza. Aliyepasuliwa tumbo alimpa mto aukumbatie, akamwambia, "Kohoa, tata. Kohoa na nguvu. Mapafu yako ikilala, na weye utalala." Mwenye ugonjwa wa sukari alimvua soksi, akamtazama nyayo na katikati ya vidole, kwa maana mguu wa mtu wa sukari unaweza kuchomwa na msumari mwenyewe asijue.

Mwalimu Wenceslas alituambia hivi: "Hata ku nyumba, akinisalimia asubuhi, mukono yake ilikuwa inatafuta kwanza kama niko na homa. Ile njo ilikuwa salamu yake."

Sasa tufike siku ile ya kiangazi.

Mnaijua Kamina wakati pori linaungua pande zote. Siku ile moshi ulikuwa umejaa hata jua la mchana likawa jekundu, na watu walitembea bila kivuli. Majivu ya nyasi yalikuwa yanaanguka polepole juu ya mabati, na upepo haukuwepo. Mama Phébé alikwenda base kumtazama Mzee Bolingo, askari mstaafu aliyetoka mbali, upande wa Équateur, akabaki kwetu. Bolingo alikuwa mtu wa sukari. Kidonda cha mguu kilimlaza hospitalini, kikaanza kupona, akarudishwa nyumbani. Mama Phébé alikwenda kukiangalia kidonda.

Alipokaribia aliona kwanza viatu. Viatu vingi mlangoni. Kisha akaona watu wameketi chini, kimya. Walikuwa wamelia hadi wakachoka. Nyuma ya nyumba kulisikika nyundo. Ko. Ko. Ko. Seremala alikuwa anapiga sanduku.

Bijou, mke wa Bolingo, alimwangukia begani. "Ma Phébé, umechelewa. Bolingo alishaenda."

Mama Phébé alivua viatu vyake, akaingia kuaga. Mzee Bolingo alilala kwenye mkeka, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Mama Phébé alipiga magoti, akamwekea mkono kwenye paji la uso, kama tunavyofanya sisi sote. Lilikuwa baridi. Baridi ile ile, wasikilizaji wapendwa, mliowagusa wafu wenu mnaijua. Akauondoa mkono, na hapo akaona kiganja chake kimelowa.

Akakipangusa kwenye nguo. Akagusa tena. Kikalowa tena.

Mfu hatoki jasho. Turudie: mfu hatoki jasho.

Akapeleka vidole chini ya taya, pembeni ya koo. Akangoja. Wanawake walianza kutazamana. Akangoja tena, na huko ndani kabisa akasikia kitu kidogo, kama mdudu anayetembea chini ya kitambaa. Kilikwenda, kikakawia, kikaenda.

"Bijou," alisema bila kugeuka, "asubuhi alikula nini?"

"Hapana kula. Alikuwa anafunga, sababu ya maombi."

"Na dawa?"

"Dawa alimeza. Kisha akaanza kutetemeka, anasema maneno yenye haina kichwa. Kisha akanyamaza."

"Uniletee sukari. Ao asali. Mbio!"

Shangazi mmoja alisimama, akamshika bega. "Mama, uache mufu apumuzike. Usimucheze."

"Hajakuwa mufu," Mama Phébé alisema. "Munisaidie kumugeuza."

Hakuna aliyesogea. Bijou peke yake ndiye aliyepiga magoti. Wakamlaza mzee kwa ubavu. Mama Phébé alichovya kidole kwenye asali, akampaka ndani ya shavu na juu ya ufizi, kidogo kidogo. Hakumimina kitu mdomoni. Mtu asiyejitambua ukimnywesha, maji yatashuka kwenye mapafu na utamuua kwa mkono wako mwenyewe. Akamtuma mwenye pikipiki hospitalini kuleta serumu ya sukari. Ilipofika, akatafuta mshipa kwenye mkono ule baridi, akaukosa, akautafuta tena, akaupata.

Na muda huo wote, nyuma ya nyumba, ko, ko, ko. Hakuna aliyekumbuka kumwambia seremala.

Mzee Bolingo alifumbua macho.

Watu walitoka kwa mlango, wengine kwa dirisha. Viatu vilibaki pale nje, hadi leo vingine havijachukuliwa. Mzee hakumtazama mke wake. Hakumtazama Mama Phébé. Alitazama mlangoni, nyuma ya mgongo wa Mama Phébé, akauliza kwa sauti ndogo: "Na ule mwengine? Sababu gani anabaki inje?"

"Mwengine nani, tata?"

"Mwenye mulikuya naye."

Aliyekuja naye? Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na moshi, na majivu yaliyokuwa yanaanguka.

Mama Phébé alijua maana yake. Ubongo uliokosa sukari husema mambo, na huona mambo. Alikuwa amewafundisha hivyo wauguzi vijana, siku zote. Lakini binti yake Mireille anakumbuka alichoambiwa jioni ile wakiosha vyombo. "Mama alisema, 'Nilijua sababu yake. Lakini kugeuka kuangalia ku mulango, niliogopa.'"

Mzee Bolingo alipelekwa hospitalini, kwa sababu sukari iliyoshushwa na kidonge inaweza kushuka tena hata baada ya mtu kuamka. Alilindwa, akalishwa, akafundishwa: ukiwa hutakula, umuulize munganga wa hospitali kabla ya kumeza. Akarudi nyumbani kwa miguu yake. Aliishi miaka mingine, akafa kifo chake cha kweli, na huyo huyo Mama Phébé ndiye aliyemfumba macho.

Lakini sanduku lilikuwa limekwisha kupigwa. Seremala alikataa kulirudisha. Lilibaki uani kwa Bolingo, kifuniko kimeegemezwa ukutani, na watoto walizunguka mbali ili wasilipite karibu. Haukupita muda, mwanamke kijana wa nyumba ya jirani akafa kwa homa. Jamaa zake hawakuwa na sanduku. Wakaja kuliomba lile. Likamtosha sawasawa.

Hapo maneno yakaanza.

Walisema Mama Phébé alimrudisha mmoja na kumtoa mwingine. Walisema yule aliyebaki mlangoni alikuwa anangoja apewe mtu. Maneno yalitoka base, yakapita sokoni, yakafika hospitalini kabla yake. Asubuhi moja aliingia kwenye chumba cha wanaume, na mazungumzo yakakatika kama redio iliyozimwa. Wagonjwa waliingiza mikono chini ya mablanketi. Mzee aliyezoea kumwita "binti yangu" aligeukia ukuta. Akakuta mkaa wa kuzuia uchawi umewekwa kwenye kizingiti cha chumba chake cha dawa. Akaufagia. Kesho yake akaukuta tena.

"Hata ku kanisa," anasema Mwalimu Wenceslas, "benchi yetu ilibaki na nafasi. Batu walisimama nyuma, kuliko kuikala pembeni yetu."

Je, alilia? Mireille anasema hakumwona akilia. Anasema alimwona akiitazama mikono yake mezani, chakula kikipoa, kama vitu vya mtu mwingine.

Wasikilizaji wapendwa, muuguzi asiyeruhusiwa kugusa afanye nini? Mama Phébé alianza kusikiliza. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akisikiliza pumzi za watu.

Moshi wa kiangazi ulikuwa bado haujaondoka alipoletwa Béni, kijana aliyeanguka na pikipiki. Dokta Marc alimpasua tumbo, akaziba palipokuwa pamepasuka, akamrudisha kitandani. Mama yake, Bibiche, anayeuza samaki wakavu sokoni, aliketi pembeni yake. Mama Phébé alipokaribia, Bibiche alisimama na kutandaza mikono juu ya mwanawe.

"Weye, hapana. Mutoto yangu, usimuguse."

Mama Phébé alirudi nyuma. Abdias, muuguzi mwenzake, akamhudumia Béni, kisha akaitwa kumsaidia Dokta Marc kwenye chumba cha upasuaji. Chumba cha wagonjwa kikabaki na Mama Phébé peke yake. Ilikuwa mchana, na dirishani mwanga ulikuwa mwekundu.

Akasikia Béni akiomba maji. Akasikia akiomba tena. Akasikia shuka: kijana alikuwa anageuza kichwa huku na huku, hatulii. Pumzi yake ilikuwa fupi na ya haraka, kama ya mtu anayekimbia amelala.

"Mama Bibiche," aliita kutoka mlangoni. "Sikuye karibu. Nabaki hapa. Lakini unisikilize. Umushike mukono."

Bibiche aliitazama mikono ya Mama Phébé.

"Ni mutoto yako. Umushike. Iko namna gani?"

Bibiche alimshika. "Iko baridi."

"Ni kavu?"

Bibiche akapapasa kiganja cha mwanawe. Kisha, kwa sauti nyingine: "Hapana. Iko na jasho."

"Uvute kope ya chini. Ndani iko rangi gani? Nyekundu?"

"Nyeupe." Bibiche alianza kulia. "Ma Phébé, ndani iko nyeupe kama karatasi. Ni nini? Ni ule mwenye ulikuya naye?"

"Ni damu," Mama Phébé alisema. "Damu inamwangika ndani ya tumbo. Inua miguu yake, uweke mito chini. Maji usimupe. Umufunike. Naenda kumuita munganga."

Naye akakimbia. Watu walioketi varandani wanasema hawakuwahi kumwona akikimbia, na walimpisha wote, wengine kwa hofu. Dokta Marc hakuuliza mara mbili. Walimrudisha Béni ndani, wakaufungua mshono, wakakuta mshipa mmoja umeachia. Mjomba mmoja akatoa damu yake. Béni akapona. Yuko hai hadi leo. Pengine anatusikiliza.

Bibiche alimkuta Mama Phébé nyuma ya jengo, ananawa. Aliishika ile mikono ikiwa bado na povu, akaishikilia. Alituambia mwenyewe: "Nilikuwa ningali naogopa. Sitasema bongo, sitadanganya. Nilimushika na woga yangu."

Baada ya hapo mikono ilianza kutoka chini ya mablanketi. Si yote. Wapo waliokufa wamemkatalia, na wapo hata leo wanaovuka barabara wakipita mbele ya nyumba yake. Mama Phébé aliendelea na kazi. Aliwafundisha vijana kunawa mikono, kugeuza wagonjwa, kusikiliza pumzi. Maneno ya watu hakuyajibu kamwe.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, alilala ameketi, mito mgongoni. Alijua ni nini, akameza dawa zake, akapunguza chumvi, akawapangia wanawe zamu. Siku ya mwisho ilikuwa alasiri, mawingu yamekusanyika, mvua bado. Mireille alikuwa pembeni yake.

Tunataka mmsikie Mireille mwenyewe.

"Mama aliniambia, 'Unishike hapa ku mukono, unihesabie moyo.' Nikamushika. Akatoa kidole yangu ya gumba, akaweka bile bingine. Akasema, 'Gumba hapana. Gumba iko na moyo yake. Ukitumia gumba, utajihesabu weye mwenyewe.' Alicheka kidogo. Kisha akafunga macho, na miye nikaendelea kuhesabu. Mvua ikaanza. Moyo yake ilikuwa inapiga muzuri, na nguvu, kupita siku zote. Nikafurahi. Baba aliingia, akamuangalia, akaniambia, 'Mireille, uache.' Nikasema, 'Hapana, baba, iko napiga, sikia.' Alinama, akaangalia mukono yangu. Nilikuwa nilisharudisha gumba. Sijui tangu wakati gani."

Wasikilizaji wapendwa.

Kwako Mwalimu Wenceslas, kwako Mireille na wadogo zako, kwa wauguzi wote wa chumba cha wanaume, pokeeni pole zetu. Vidye, Mungu wetu, awashike. Tunalia pamoja nanyi, na tunaomba msamaha kwa niaba ya mji huu kwa ile nafasi iliyobaki kanisani.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Katika nyumba zetu yuko nani amelala ambaye tumekwisha kumlilia, na hakuna aliyemgusa? Akinyamaza mtu wa sukari, msiite seremala kwanza. Mwiteni muuguzi. Mshikeni mtu wenu mkono, hata kama mnaogopa. Mshikeni na woga wenu.