Karibu ya Julai

Sabir, fundi cherehani wa Nyamira, alifumba macho mara basi lilipotoka Kisii, kwa kuwa mbele ya mtu aliyelala watu huongea bila kupunguza sauti. Kwenye kiti cha mbele yake, mama aitwaye Ladan alikuwa akimweleza Hemlata, mama wa duka ambaye walikutana naye humo basini, jinsi atakavyomwoza bintiye bila kufilisika. "Turubai ni la jirani, sufuria ni za msikiti, mpishi ni shemeji yangu. Na Julai nimeichagua makusudi, dada. Baridi ile na mvua ile, nani atatoka nyumbani? Watakuja arobaini tu."

"Kwani wewe ni mgeni hapa?" Hemlata akauliza. "Mimi nimewaoza mabinti wawili. Baridi ndiyo inaleta watu. Wanafuata chai ya moto."

"Basi sitatangaza," Ladan akasema, kwa sauti iliyomfikia hata dereva. Sabir akajikaza asicheke.

Walibishana mpaka Sironga, Hemlata akisema mia mbili, Ladan akishikilia arobaini. Basi liliposimama, Hemlata akainuka na kikapu chake. "Haya, ni siku gani hiyo?"

"Jumamosi ya mwisho," Ladan akajibu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, ulimi ukamponyoka: "Karibu."

"Asante mama, tutafika," wakaitikia watu wa kiti cha nyuma. Kondakta akauliza kama pilau itakuwa ya mbuzi. Sabir, akiwa bado amelala, akasema atakuja na mkewe.