Gilasi ya Maji ya Fundi Taratibu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, haya ndiyo maisha ya mzee wetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Taratibu, na mkewe ameagiza yasomwe bila kumpaka rangi ambayo hakuwa nayo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akaingia shule ya msingi mwaka 1956 na kumaliza mwaka 1963, kwa alama ambazo mwenyewe hakuwahi kuzitaja, nasi leo tutamstiri. Alijifunza ushonaji kwa mjomba wake, na mwaka 1971 akafungua duka lake karibu na lango la soko, cherehani moja, kioo kimoja chenye ufa.

Tarehe 9 Agosti 1974 alifunga ndoa na binti wa muuza vifungo, aliyekwenda dukani kulalamikia sketi iliyoshonwa ovyo, akatoka na sketi ileile na mchumba juu yake. Walijaliwa wavulana wawili, na kitindamimba wa kike, ambaye ndiye anayewasomea.

Mwaka 1992, kiwanda cha saruji kilipouza hisa kwa wananchi, alinunua chache kwa ajili ya masomo ya watoto, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi alikwenda kwa dalali wa hisa kuongeza, bei iwe juu, bei iwe chini, watu wakasema ana moyo wa jiwe. Jiwe lipi! Mzee huyu aliogopa radi, aliogopa mbwa, na zaidi ya vyote alimwogopa mama mkwe wake. Ila alijijua, ndiyo maana siku ya kwanza kabisa alimwambia dalali, "Ndugu yangu, ukiniona nimekuja hapa jasho linanitoka, nataka kuuza, nipe maji ninywe, halafu nifukuze."

Oktoba 2008 bei zikaporomoka, kila mtu akauza kwa bei ya kutupa, naye akaacha suti ya bwana harusi mezani bila mikono, akatoka mbio, futi ya kupimia ikipepea shingoni. Dalali akamwekea gilasi ya maji.

"Kunywa, fundi."

"Sikuja kunywa! Uza zote!"

"Kunywa, uende nyumbani. Urudi kesho ukiwa umekula, na hilo shati limekauka."

Alirudi nyumbani amenuna, mkewe akampakulia, akamwambia, "Kula, mwoga wangu," naye akala, akalala, na asubuhi akaenda kushona mikono ya suti. Bei zilijikongoja miaka mingi kabla ya kupanda, na mwaka 2013 aliuza kiasi, shati likiwa kavu, akamsomesha binti yake uuguzi. Hisa nyingine alizonunua, za kampuni ya mabasi, hazijainuka hadi leo, na hizo alizizika mwenyewe bila kuita waombolezaji.

Alianza kuugua moyo Februari 2023, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na aliaga dunia hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akilalamika kwamba pindo la shuka limekwenda upande.

Sasa, wiki hii bei zinashuka tena, na tangu juzi watoto wake wawili wa kiume wanajificha nyuma ya nyumba kumpigia dalali simu, auze zote haraka. Mama yao anawajibu mbele yenu nyote: "Hisa hizo ndizo baba yenu alizoniachia nile uzeeni, na hazijafa, aliyekufa ni baba yenu. Maji yako pale mlangoni. Kunyweni, mlieni baba yenu, mle, mlale, ndipo mje tuzungumze."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga maduka, na yule mzee dalali aliyeketi safu ya nyuma, ambaye kwa kila simu tangu juzi amewajibu vijana, "Mmeshakula?"

Pumzika kwa amani, mwoga wetu. Hatujauza.